KWENDA NA KURUDI KATIKA KEMIA

Wengi wetu tuanzapo kujifunza kemia hudhani ya kuwa kila badiliko huenda upande mmoja tu. Kuni zikiisha kuwaka huwa majivu, na majivu hayarudi kuwa kuni. Lakini yako mabadiliko mengi ambayo huenda na kurudi. Vitu viwili huungana vikafanya kitu cha tatu, na wakati ule ule kile cha tatu huvunjika kikawa tena vile viwili. Katika somo hili nataka kueleza sheria ya mabadiliko hayo, na jinsi inavyosaidia kulisha watu, na jinsi inavyoweza kuokoa maisha ya mtu nyumbani.

Msawazo ni nini?

Fikirini soko lenye ua na mlango mmoja. Asubuhi wengi huingia na wachache hutoka. Baadaye hufika saa ambayo kila dakika watu 20 huingia na watu 20 hutoka. Mtu akihesabu waliomo ndani ataona hesabu haibadiliki, akadhani ya kuwa hakuna anayepita mlangoni. Sivyo. Watu wanapita, ila waingiao ni sawa na watokao.

Hali hii katika kemia huitwa msawazo. Badiliko la kwenda na badiliko la kurudi hufanyika kwa mwendo mmoja. Yatupasa kuangalia mambo mawili hapa. Kwanza, kazi haikusimama. Pili, si lazima vitu vya pande zote mbili viwe na wingi sawa. Ndani ya soko huenda wamo watu 500 na nje wapo 50 tu, na bado msawazo upo.

Sheria ya Le Chatelier

Mwaka 1884 Mfaransa mmoja, Henry Le Chatelier, alitoa sheria ambayo kwa maneno mepesi yasema hivi: msawazo ukisumbuliwa, huelekea upande ule unaopunguza sumbuko lile. Angalieni neno "unaopunguza". Sumbuko halifutwi kabisa, hupunguzwa tu.

Jaribio moja la kutazama kwa macho

Kobalti ni madini yanayochimbwa kwa wingi katika Kongo, upande wa Lualaba na Katanga. Chumvi yake iitwayo kloraidi ya kobalti ikiyeyushwa katika maji huwa na rangi ya waridi, kwa sababu kila chembe ya kobalti imezungukwa na maji. Chembe hiyo ikizungukwa na kloraidi badala ya maji, rangi huwa buluu. Tuandike hivi:

kobalti yenye maji (waridi) + kloraidi + joto ⇌ kobalti yenye kloraidi (buluu) + maji

Mishale miwili ina maana ya kwenda na kurudi. Jaribio hili lifanywe mbele ya mwalimu, kwa maana asidi huunguza, na chumvi ya kobalti ni sumu.

Tuanze na ukolezi, yaani wingi wa kitu katika kipimo kimoja cha maji. Chai yenye majani mengi imekolea kuliko yenye majani machache. Tukitia asidi kali ya haidrokloriki, tumeongeza kloraidi upande wa kushoto. Msawazo huelekea kulia ili kuitumia kloraidi iliyozidi, na maji yale ya waridi hugeuka buluu. Tukiongeza maji, msawazo hurudi kushoto, na waridi hutokea tena.

Sasa tuangalie joto. Katika mstari wetu joto limeandikwa kushoto, kwa sababu badiliko la kwenda hunywa joto. Chukueni maji yaliyo katikati, yenye rangi ya zambarau, mkayagawe katika vineli viwili vya kioo. Kimoja kiwekwe katika maji ya moto, nacho kitakuwa buluu. Cha pili kiwekwe katika barafu, nacho kitakuwa cha waridi. Mkivibadilishana, rangi nazo zitabadilishana. Hapo hatukutia dawa yo yote. Joto peke yake limefanya kazi.

Tofauti iliyopo kati ya mambo haya mawili

Jambo hili huwachanganya wanafunzi wengi katika mitihani. Kila badiliko la namna hii lina namba yake, iitwayo namba ya msawazo, ipatikanayo kwa kulinganisha ukolezi wa vitu vya kulia na vya kushoto. Tukibadili ukolezi, namba hiyo haibadiliki. Vitu hujipanga upya mpaka namba ile ile ipatikane tena. Lakini tukibadili joto, namba yenyewe hubadilika. Mwenye kukumbuka tofauti hii hatapotea.

Sheria hii katika mbolea

Karibu 78 kwa mia ya hewa ni nitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuila nitrojeni ya hewa moja kwa moja. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha njia ya kuiunganisha na haidrojeni ipatikane amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake wakaanzisha kiwanda huko Oppau, Ujerumani.

N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃ + joto

Hapa joto liko kulia. Basi baridi huongeza amonia, na moto huipunguza. Katika mgandamizo wa mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida, msawazo wa digrii 300 huwa na amonia zaidi ya nusu, bali ule wa digrii 500 huwa na chini ya moja ya tano. Mtu atauliza, mbona hawafanyi kazi hii katika baridi? Sababu ni kuwa katika baridi badiliko huenda polepole mno, na kiwanda kingengoja bure. Kwa hiyo huchagua njia ya katikati, digrii 400 hadi 500, pamoja na chuma kiwe kichocheo. Kichocheo huharakisha kwenda na kurudi kwa kadiri moja, wala hakisogezi msawazo. Kisha amonia hupozwa ikawa maji, ikaondolewa. Kwa kuwa imepungua upande wa kulia, gesi zilizobaki zikirudishwa ndani hufanya nyingine. Kutoka amonia hiyo hupatikana mbolea ya chumvichumvi inayotiwa katika mashamba yetu. Tusisahau pia ya kuwa katika vita ya 1914 hadi 1918 amonia hiyo hiyo ilitumika kufanyia baruti. Sheria haichagui mwenye kuitumia.

Sheria hii katika jiko la makaa

Sisi watu wa milimani, katika Kigezi, Rwanda, Burundi na Kivu, twaijua baridi ya usiku. Wengine huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Husema, "Moshi umekwisha, makaa ni mekundu, hakuna hatari." Maneno hayo yameua watu. Makaa yakiwaka penye hewa chache hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Katika damu imo hemoglobini, ambayo huchukua oksijeni. Kaboni monoksaidi hushikana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni:

hemoglobini yenye oksijeni + kaboni monoksaidi ⇌ hemoglobini yenye kaboni monoksaidi + oksijeni

Gesi ikizidi chumbani, msawazo huelekea kulia, na mtu hukosa oksijeni naye yu usingizini. Lakini mishale ni miwili! Badiliko hili laweza kurudishwa. Mtoeni mgonjwa nje upesi: sumu imepungua na oksijeni imeongezeka, na msawazo huanza kurudi kushoto. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka katika damu kwa muda wa saa 4 au 5. Hospitalini, akipewa oksijeni tupu, huchukua kama saa moja au saa moja na nusu. Kwa hiyo apelekwe hospitali hata kama ameamka na kusema hajambo. Wako wanaokimbilia kumnywesha maziwa. Maziwa hayaongezi oksijeni katika damu, na mtu aliyezimia aweza kupaliwa nayo akafa. Afadhali kuliko yote, jiko libaki nje, nasi tujifunike blanketi la pili.

Swali kwa msomaji

Gesi iliyomo katika soda huyeyuka katika maji na kutoa joto kidogo. Kwa nini chupa iliyoachwa juani hufoka ikifunguliwa kuliko iliyotoka katika maji baridi? Na kwa nini soda iliyoachwa wazi huchacha, bali iliyofungwa haichachi? Andikeni mstari wenye mishale miwili, wekeni joto upande wake, nanyi mtalipata jibu.