Bakteria wa Kuhara na Seli za Utumbo: Kwa Nini ORS Haikatishi Choo

Mzazi aliyepewa pakiti za ORS kwa ajili ya mtoto wake mara nyingi hurejea kituoni kesho yake na lalamiko moja: mtoto amekunywa maji yale, lakini bado anahara. Wapo wanaoacha kumnywesha kwa kudhani kuwa dawa imeshindwa, na hapo ndipo hatari inapoongezeka. Jibu la lalamiko hilo limo katika namna bakteria wanavyozishambulia seli za utumbo.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na tabaka moja tu la seli. Juu ya kila seli kuna vijinywele vidogo mno, ambavyo huongeza eneo la kufyonza chakula na maji. Kwa mtu mzima mwenye afya, lita 8 hadi 9 za majimaji hupita hapo kila siku. Kiasi cha lita 2 hutokana na chakula na vinywaji. Zilizobaki ni mate, nyongo na majimaji mengine ya mwili wenyewe. Karibu yote hurudishwa mwilini, na katika choo hutoka yasiyozidi mililita 200. Ndiyo maana hitilafu ndogo katika kazi ya seli hizo huleta hasara kubwa.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, haingii ndani ya seli wala haiui. Huogelea kwa mkia wake hadi ukutani, hujishikiza kwa nyuzi nyembamba, kisha hutoa sumu, ambayo S. N. De wa Calcutta alionyesha kazi yake mwaka 1959. Sumu hiyo ina sehemu mbili. Moja, yenye vipande vitano vilivyopangika kama pete, hunasa juu ya utando wa seli. Nyingine hupenya ndani na kukwamisha swichi inayoongoza utoaji wa majimaji. Kwa kawaida swichi hiyo huwaka na kuzimika. Ikishaguswa na sumu, hubaki imewaka. Kloridi humwagika kutoka ndani ya seli, sodiamu huifuata, na maji hufuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kupoteza lita moja kwa saa, choo kikiwa mfano wa maji yaliyooshewa mchele.

Hata hivyo, kuna mlango mmoja ambao sumu hiyo haiufungi. Ni protini inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja: glukosi ikikosekana, chumvi haipiti hapo. Vyote viwili vikiwapo huingia ndani ya seli, na maji hufuata. Hiyo ndiyo siri ya ORS, na ndiyo sababu pakiti huchanganywa kwa kipimo kilichoandikwa. Sukari ikizidi, kama ilivyo katika soda, huvuta maji kutoka mwilini na kuyarudisha utumboni.

Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipougua kipindupindu huko Bangaon, India, maji ya mishipani yalipungua. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza maji ya glukosi na chumvi yachanganywe kwa wingi, na jamaa za wagonjwa ndio waliowanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 hadi chini ya 4 katika kila wagonjwa 100. Kuhara hakukusimama kwa sababu ya maji hayo. Watu walipona wakiwa bado wanahara. Swichi iliyokwama hailegezwi na ORS. Seli zilizotiwa sumu hupukutika na kuachia nafasi seli mpya ndani ya siku 3 hadi 5, na muda wote huo kazi ya maji ni kumweka mgonjwa hai. Asiyeweza kunywa, au aliyepoteza fahamu, huhitaji maji ya mshipa bila kuchelewa.

Si bakteria wote wanaotenda hivyo. Baadhi ya Escherichia coli wanaowaharisha watoto wachanga hawasubiri kupata pa kujishikiza: huidunga seli kwa bomba jembamba mfano wa sindano, huingiza protini yao wenyewe, nayo hujitokeza juu ya utando na kuwa kishikizo chao. Vijinywele vilivyo chini yao huporomoka.

Shigella, aliyegunduliwa na Kiyoshi Shiga wa Japani mwishoni mwa karne ya 19, huenda mbali zaidi. Bakteria 10 hadi 100 tu hutosha kuleta ugonjwa. Huvamia seli za utumbo mpana, huzaliana ndani yake, kisha husukumwa na nyuzi za seli yenyewe hadi kuingia seli jirani. Vidonda na uvimbe hutokea, na choo huwa na damu na ute. Hapa maji peke yake hayatoshi: mgonjwa huhitaji kiuavijasumu kulingana na mwongozo wa matibabu. Dawa za kufunga choo hazifai kwa mtoto, kwani huwafungia bakteria ndani.

Kwa hiyo mzazi anayerejea na lalamiko lile huulizwa kwanza kama choo kina damu, kama mtoto anakunywa, anakojoa na yu macho. Akiwa katika hali hiyo njema, na bila damu, huendelea na ORS baada ya kila choo, kunyonya na kula kama kawaida, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kutakoma mapema.