Birika la Babu na Simba Anayetembea: Maswali na Majibu Kuhusu Fedha ya Kiingereza

Nauza vitunguu hapa Dumila. Marehemu babu alifanya kazi nyumbani kwa meneja wa shamba la katani Kimamba, akaachiwa birika la chai. Mnunuzi wa chuma chakavu anataka kulipima kwa kilo. Nitajuaje kama ni fedha kweli?

Mwambie asubiri. Lipindue birika uangalie kitako: fedha ya Kiingereza hugongwa chapa kadhaa, kila moja ndogo kama punje ya mchele. Tafuta simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele kauinua. Simba huyo, aliyeanza kugongwa mwaka 1544, anathibitisha kwamba chombo kilipimwa na kukutwa na fedha halisi. Kiwango chake ni sehemu 925 katika 1,000.

Ukikuta herufi EPNS, hilo ni la kuchovya: ngozi nyembamba ya fedha juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Kagua ncha ya mdomo na sehemu ya mpini inayoshikwa sana, maana ngozi huchakaa hapo kwanza na rangi ya chini hujitokeza. Sumaku haitakusaidia, haivuti fedha wala mchanganyiko huo.

Simba yupo. Kando yake pana nanga na herufi A kubwa. Lina umri gani?

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo twende polepole. Nanga ni alama ya Birmingham, ingawa mji huo uko mbali na bahari. Kichwa cha chui ni London. Sheffield ilitumia taji miaka mingi, kisha ikahamia ua la waridi mwaka 1975.

Herufi ndiyo mwaka, lakini kila mji ulikuwa na mzunguko wake. A kubwa ya London inaweza kuwa ya 1936, na ya Birmingham ikawa ya 1925 au 1950. Kinachozitofautisha ni mwandiko wa herufi na umbo la fremu iliyoizunguka. Kwa hiyo soma mji kwanza, kisha linganisha herufi na fremu yake kwenye jedwali la mji huohuo.

Kichwa cha mfalme au malkia kikiwa pembeni, kwa kawaida ni alama ya kodi iliyogongwa kati ya 1784 na 1890. Chombo cha namna hiyo ni cha kabla Waingereza hawajaiteka Kilosa, wilaya yenu, mwaka 1916. Hilo lisikushangaze: wamisionari wa Kiingereza wa CMS walikuwa tayari Mamboya, wilayani humo, tangu miaka ya 1880.

Jirani ana kijiko chenye namba 800, mwezi mchanga na taji.

Hicho ni cha Kijerumani. Alama hizo zilianza kutumika mwaka 1888.

Na aliyelitengeneza birika?

Ni herufi za jina lake, katika fremu ya peke yake. Mjane Hester Bateman wa London alisajili HB mwaka 1761, na vyombo vyake vinatafutwa sana hadi leo. Lakini mafundi wengi wametumia herufi zilezile. HB pamoja na A ya 1936 haiwezi kuwa yake, kwa kuwa alifariki mwaka 1794. Jina hukubalika pale tu mji na mwaka vinapoliunga mkono.

Nilisugue ling'ae ndipo nizisome?

Tafadhali usilisugue! Majivu, mchanga na stilwaya hula chapa, na chapa ikifutika ushahidi umekwenda. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa laini. Kisha pulizia chapa pumzi, uimulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Kivuli kitaonyesha kila mstari. Piga picha ya kila chapa kwa karibu umpelekee sonara unayemwamini, na birika libaki nyumbani mpaka upate jibu.