Somo la Afya: Jeraha Dogo la Jembe

Msimu wa palizi huja na majeraha ya jembe na panga, na wengi wetu bado hukimbilia majivu, mafuta ya taa au kinyesi cha ng'ombe. Tuache. Vijidudu vya pepopunda huishi humo humo, kwenye udongo na kinyesi.

Nawa mikono kwanza. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo, bila kufunua ili kuchungulia (hapo ndipo wengi hushindwa). Damu ikikoma, osha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kisha funga bandeji. Ibadilishe kila siku na kila inapolowa.

Nenda zahanati ikiwa damu haikomi, jeraha limeingia ndani au limeachama, au kitu kimezama humo, usikichomoe. Kama jeraha lilikuwa na udongo na chanjo yako ya pepopunda imepita miaka 5, au hukumbuki, mweleze mhudumu. Mwenye kisukari asidharau hata mchubuko wa mguu. Aliyeumwa na mbwa aoshe kwa sabuni dakika 15, aende siku hiyo hiyo. Usaha, homa, uvimbe unaosambaa pia visisubiri. Taya likikakamaa, msafirisheni hospitali hata kama ni usiku.