Kabla ya Kuchimba Kisima, Pigeni Hesabu

Bomba likikauka, wakazi wa mtaa huko Ruiru au Thika hukimbilia kuchanga pesa za kisima. Subirini. Kwanza iulizeni kampuni yenu ya maji, RUJWASCO au THIWASCO, laini yake itafika lini. Bwawa la Karimenu II, lililozinduliwa 2022, lilijengwa kutoa lita milioni 70 kwa siku, na sehemu kubwa ni ya Ruiru na Juja. Huenda kinachokosekana kwenu ni bomba la kilomita moja na matangi, na hilo ni deni dogo kuliko la kisima.

Kama kisima ni lazima, anzeni na daftari. Kwa miezi mitatu, kila nyumba iandike mitungi iliyonunua na bei yake, iwe ya mkokoteni au ya bausa. Jumla yake humwonyesha mkopeshaji kwamba pesa za maji tayari zinatoka mifukoni mwenu kila wiki. Bila hesabu hiyo mnaomba sadaka.

Benki ya K-Rep, leo Sidian, iliwahi kukopesha miradi ya jamii kupitia mpango wa Maji ni Maisha. Wanajamii walitoa asilimia 20, benki ikakopesha hadi asilimia 80. Ruzuku ya hadi asilimia 40 ilikuja mwishoni, kazi ikishakaguliwa, ikapunguza deni. Nami naupenda mpangilio huo: mfadhili analipia maji yanayotoka, halipii ahadi.

Pesa za tabianchi za kaunti, chini ya mpango wa FLLoCA (ufadhili wa hatua za tabianchi zinazoongozwa na jamii), hupitia kamati za wadi. Msiende huko na “tunaomba maji”. Elezeni kiangazi huwafanyia nini, mafuriko huharibu nini, kisha mtaje dawa: matangi ya kuvuna mvua ya masika, pampu ya sola. Ombi la namna hiyo lipelekeni pia Hazina ya Sekta ya Maji, mkishasajili kundi na kufungua akaunti ya maji peke yake, isiyochanganywa na ya chama.

Fundi asishushe mashine kabla ya ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Maji yakipatikana, yapimwe floridi. Visima vingi vya ukanda huu vinayo kupita kiasi, na chujio lake ni gharama ambayo benki lazima iione mapema.

Bei ya mtungi ibebe tokeni za stima, fundi, rejesho la mkopo na akiba ya pampu mpya. Mita ya kisima isomwe kila mwezi na watu wawili, mmoja asiwe wa kamati ya mradi, na hesabu ibandikwe kwenye kioski cha maji.