Kurudia Baiskeli Ukubwani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa



Wengi walijifunza baiskeli utotoni, wakaiacha walipoanza kazi, na sasa wanapostaafu wanatamani kuirudia. Ni uamuzi mwema. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwemo wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na baiskeli ni njia mojawapo ya kuzitimiza. Lakini mfupa wa mtu mzima huchelewa kuunga. Kwa hiyo, katika somo hili tunasisitiza jambo moja: fedha ya kwanza iende kwenye vitu vinavyokuzuia usianguke na vinavyokukinga ukianguka. Gia nyingi na urembo vingoje.

1. Kimo

Fremu yenye bomba lililoshuka, iliyozoeleka kuitwa ya kike, huwafaa wanaume pia. Mwenye goti au nyonga nzito hupanda na kushuka bila kurusha mguu. Ili kupima kiti, keti na uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinamia upande. Wiki za mwanzo kishushe zaidi, ili nyayo zifike chini upesi.

2. Breki

Baiskeli zilizotumika hutoka nchi mbalimbali, na mpangilio wa breki hutofautiana. Zile za Japani na Uingereza, kwa kawaida mkono wa kulia hubana gurudumu la mbele. Za Marekani, mara nyingi ni mkono wa kushoto. Mtu akibana breki ya mbele kwa ghafla akidhani ni ya nyuma, aweza kurushwa juu ya usukani. Kabla ya kulipa, isukume baiskeli kwa mguu na ubane breki moja moja. Gurudumu lisimame kabla mkono wa breki haujagusa usukani. Raba zilizolika zibadilishwe.

3. Tairi

Tairi lenye nyufa ubavuni halifai, hata kama kashata zake bado ni nzima. Unaponunua jipya, usiombe "namba 26" tu. Tairi la 26 x 1 3/8 huvaa rimu ya milimita 590, ilhali la 26 x 1.95 huvaa rimu ya milimita 559. Yote mawili huitwa 26, wala hayabadilishani. Soma namba iliyoandikwa ubavuni, mfano 37-590: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu. Hiyo ya pili lazima ilingane na ya tairi la zamani.

4. Kofia ya kinga na taa

Tafuta lebo ya kiwango ndani ya kofia, kama EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani. Tunashauri usinunue kofia ya mtumba. Povu lake hubonyea likipokea pigo, na halirudi katika hali yake. Kwa nje laweza kuonekana zima. Kofia ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe kidevuni. Weka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

5. Risiti

Dai risiti inayotaja namba ya fremu na kueleza kama baiskeli ni mpya au imetumika. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Ukiona kasoro, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti; asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Siku za mwanzo

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au kizunguzungu aonane kwanza na mtaalamu wa afya. Kisha anzia kwenye uwanja mtupu, si barabarani. Jizoeze kusimama, na kutazama nyuma bila kuyumba. Ukiyaweza hayo mawili kwa utulivu, ndipo uingie barabarani.