Namna ya Kujenga Kielelezo cha Hesabu kwa Viumbe Hai: Funzo la Mbu wa Malaria

Wanafunzi wa elimu ya viumbe aghalabu huikimbia hesabu, na wanahesabu nao aghalabu huwaogopa viumbe, kwa kuwa viumbe huzaliwa, hula, huugua na kufa pasipo utiifu ule wa jiwe liangukalo au wa sayari ilizungukayo jua. Mimi nimeishi baina ya makundi haya mawili, nikiwafundisha vijana kuwakamata mbu usiku na kuwahesabu mchana, na katika kazi hiyo nimepata yakini moja ambayo ndiyo kiini cha makala haya: thamani ya kielelezo cha hesabu imo katika kumlazimisha mtu aseme wazi anachokiamini juu ya kiumbe, kwa namba ambazo kiumbe mwenyewe, akichunguzwa, aweza kuzisadikisha au kuzikanusha. Nitaeleza hatua nizifuatazo, nami nitatumia mfano wa malaria, kwa sababu maradhi hayo tunayajua majumbani mwetu, na kwa sababu hesabu yake imekwisha kupita umri wa karne moja, ikajaribiwa, ikashindwa, ikatengenezwa, na hata leo ingali inatumika.

Kwanza, liweke swali moja

Tarehe 20 Agosti 1897, katika mji wa Secunderabad huko Bara Hindi, daktari Ronald Ross aliviona vimelea vya malaria katika ukuta wa tumbo la mbu, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Walakini kuona hakukumaliza ubishi. Wapinzani wake walisema kwamba kuwapiga vita mbu ni kazi bure, maadamu hapana awezaye kuwaua wote, na jaribio lililofanywa Mian Mir, karibu na Lahore, ambalo halikuleta matunda yaliyotarajiwa, likawa hujja kubwa mikononi mwao. Ross alijibu kwa hesabu. Katika ripoti yake juu ya kisiwa cha Mauritius ya mwaka 1908, na kwa upana zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1911, alibainisha kwamba kuna kiwango cha mbu ambacho, wakiwa wachache kuliko hicho, malaria hupungua yenyewe hata ikaisha, ilhali mbu wangalipo.

Tazama jinsi swali lake lilivyokuwa jembamba: je, ni lazima mbu wote wafe? Hakuuliza malaria ni nini, wala hakujaribu kuyaeleza maisha yote ya mbu. Kijana anijiapo akitaka kutengeneza kielelezo cha ziwa zima au cha msitu mzima, humwomba kwanza aniandikie swali lake katika sentensi moja yenye jibu la ndiyo au la, au jibu la kiasi gani. Akishindwa, tunaahirisha hesabu mpaka swali lipatikane, kwa kuwa swali ndilo litakalomwambia kipi akitie ndani na kipi akiache nje.

Pili, ifuate njia ya kiumbe hatua kwa hatua

Swali likiisha kuwekwa, chukua karatasi uichore safari. Mbu jike humwuma mgonjwa akanyonya vimelea pamoja na damu. Vimelea hukua tumboni mwake kwa siku kadhaa mpaka vifike katika tezi za mate. Na mbu huyo, kama bado yu hai, humwuma mtu mwingine akamwambukiza. Kisha mtu huyo hubaki na vimelea katika damu yake kwa muda, akiwa tayari kuwaambukiza mbu wengine. Hapo duara limefungika.

Sasa kipe kila kituo cha safari hiyo herufi moja. Idadi ya mbu kwa kila mtu iite *m*. Mara ambazo mbu mmoja humwuma binadamu kwa siku ziite *a*, na ukumbuke kwamba herufi hii itaingia mara mbili, kwa sababu mbu asiyeuma mara mbili, kwanza mgonjwa na halafu mzima, hana madhara katika maambukizi. Sehemu ya mbu wanaopona kutoka siku moja hadi siku ya pili iite *p*. Na siku ambazo kimelea huhitaji ili kikomae ndani ya mbu ziite *n*. Mwisho, weka siku ambazo mgonjwa hukaa akiwa chanzo cha maambukizi. Kituo usichoweza kukipa maana iliyo wazi kwa maneno ya kawaida, usikipe herufi.

Tatu, hesabu kwa mkono kabla ya kufungua kompyuta

Mimi sikubali mwanafunzi aanze na programu. Hesabu ya mkono, hata iwe ya namba za kudhania, humfundisha mtu uzito wa kila herufi. Tuseme basi kwamba kuna mbu 10 kwa kila mtu, kila mbu huuma binadamu mara moja katika siku 3, mbu 9 katika 10 hupona kila siku, na kimelea huhitaji siku 10.

Tatizo la pekee lenye ugumu hapa ni lile la uhai wa mbu, nalo hulieleza kwa mfano wa mfanyabiashara wa jahazi apitaye bandari kumi, na katika kila bandari hutozwa ushuru wa sehemu ya kumi ya shehena iliyobaki: afikapo mwisho wa safari hubaki na kadiri ya 35 katika kila mia ya alizoondoka nazo. Ushuru ukiwa sehemu ya tano, hubaki na 11 tu. Hivyo ndivyo walivyo mbu: kwa *p* ya 0.9, mbu 35 katika mia huifikia siku ya kumi. Kwa *p* ya 0.8, ni 11. Tena hao wachache waliosalimika nao wana maisha mafupi zaidi mbele yao, kwani wa kwanza hutarajia kuishi kadiri ya siku 9 na nusu, na wa pili siku 4 na nusu.

Zidisha sasa: mbu 10, mara theluthi moja, mara theluthi moja tena, mara 0.35, mara siku 9 na nusu. Utapata takriban 3.7, ndiyo maambukizi mapya yatokanayo na mgonjwa mmoja kwa siku moja. Mgonjwa huyo akikaa siku 100 bila ya tiba, nasi tukichukulia kwa wepesi kwamba kila uma wa mbu mwenye vimelea huambukiza, ataacha nyuma yake maambukizi kiasi cha 370. Ugonjwa hufifia pale tu namba hii inaposhuka chini ya 1.

Nne, sogeza namba moja moja

Hapa ndipo kielelezo kinapolipa taabu yake. Punguza mbu kwa nusu, huku mengine yote yakibaki palepale: kutoka 370 tunashuka hadi 184. Ziache idadi za mbu kama zilivyokuwa, lakini mwepushe mbu na binadamu hata aume nusu ya alivyokuwa akiuma: tunashuka hadi 92, kwa kuwa *a* imeingia mara mbili na nusu ya nusu ni robo. Uache umaji, uache na wingi, bali uhai wa kila siku uupunguze kutoka 0.9 hadi 0.8: tunashuka hadi 53, karibu mara saba.

Jicho tupu lisingeweza kuliona jambo hili. Mtu aliyesimama kijijini huona wingi wa mbu, naye kwa haki yake hudhani kwamba dawa ni kuwapunguza. Hesabu humwonyesha kwamba umri wa mbu una nguvu kuliko wingi wao. Ndiyo maana George Macdonald, katika miaka ya 1950, alipouchukua mlinganyo wa Ross na kuutengeneza upya, alishikilia kwamba dawa ipuliziwayo katika kuta za nyumba, ambako mbu hupumzika baada ya kula, ina faida kubwa kupita ya kuwaua viluwiluwi majini. Fikra hiyo ilikuwa miongoni mwa nguzo za kampeni ya Shirika la Afya Duniani ya kuifuta malaria, iliyoanzishwa mwaka 1955.

Hali ya hewa nayo yajieleza kwa njia hiyohiyo. Kimelea cha *falciparum* huhitaji kiasi cha siku 12 ndani ya mbu joto likiwa nyuzi 25, lakini huhitaji siku 28 joto likiwa nyuzi 20. Kwa *p* ileile ya 0.9, mbu 28 katika mia huifikia siku ya 12, ilhali 5 tu huifikia siku ya 28. Mtu apandaye kutoka tambarare za Muheza kwenda milima ya Usambara hupanda juu ya mlinganyo huu bila ya kujua, na malaria humpungukia kadiri baridi inavyozidi.

Tano, zipime namba zako kwa viumbe wenyewe

Namba za kudhania ni za kujifunzia. Namba za kuamulia hutoka shambani. Wanafunzi huniuliza mtu atajuaje sehemu ya mbu wanaopona kila siku, ilhali mbu hawana cheti cha kuzaliwa. Jawabu limo ndani ya mbu. Jike ambaye hajapata kutaga ana mirija midogo ya hewa katika ovari zake iliyojisokota, na aliyekwisha kutaga mirija yake imenyooka. Mpasue chini ya hadubini nawe utamjua. Ikiwa katika mbu 100 uliowakamata 73 wamekwisha kutaga, na kati ya mlo wa damu na kutaga hupita siku 3, basi tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake mara tatu hutoa 0.73, nayo ni 0.9. Kazi ya kuupima umri wa mbu kwa kuzichunguza ovari zao ina historia tukufu kwetu, kwani mwaka 1965 Gillies na Wilkes walichapisha uchunguzi mkubwa wa umri wa *Anopheles gambiae* na *Anopheles funestus* katika kaskazini-mashariki mwa Tanzania.

Lakini kila kipimo kina sharti lake. Kipimo hiki huchukulia kwamba mbu wanaozaliwa na wanaokufa wamelingana; baada ya mvua za masika, vijana wakiwa wengi kupita desturi, utawahesabu wachache waliotaga na utadhani kwamba mbu hufa upesi kuliko kweli. Kwa hiyo mimi husisitiza ukusanyaji uendelee katika kiangazi na masika, na kila namba iandikwe pamoja na majira yake.

Sita, kipeleke kielelezo mbele ya ushahidi

Kuanzia mwaka 1955 hadi 1959, katika nchi ya Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini, na wataalamu wa taasisi ya malaria iliyokuwa Amani wakayafuatilia matokeo. *Anopheles funestus* akatoweka, *gambiae* akapungua sana, na vimelea katika damu ya watoto vikapungua. Walakini maambukizi hayakukatika, na upuliziaji ulipokoma malaria ilirejea polepole. Rudi katika hesabu yetu nawe utaona kwamba jambo hili si kioja: kushuka kutoka 370 hadi 53 ni ushindi mkubwa, lakini 53 ingali mbali sana na 1.

Ushahidi ulifundisha na yale ambayo kielelezo kiliyaacha. Mbu wengine huuma nje ya nyumba na hupumzika nje, wala dawa ya ukutani haiwafikii. Watu wengine huumwa mara nyingi kuliko jirani zao. Na watu wazima walioumwa miaka mingi hujenga kinga. Ndipo katika mradi wa Garki, kaskazini mwa Nigeria, Dietz, Molineaux na Thomas walipotunga mwaka 1974 kielelezo kipya kilichoitia kinga ya mwili ndani ya hesabu. Sharti la kukua ni hilo: ongeza sehemu mpya pale tu ushahidi unapoidai, na sababu yake uweze kuitaja.

Saba, unganisha

Tuirudie hesabu kwa mara ya mwisho, safari hii tukizitumia nguvu zote kwa pamoja. Chandarua chenye dawa hupunguza umaji na hupunguza uhai: 370 hushuka hadi 13. Tiba ya haraka ikizipunguza siku za mgonjwa kutoka 100 hadi 10, tunabaki na 1.3. Sasa wapunguze mbu kwa nusu, kile kitendo kilichoonekana hafifu hapo mwanzo, nasi tunavuka mpaka: 0.7. Zanzibar, baada ya kuanza kutumia dawa za mseto mwaka 2003 na kugawa vyandarua vyenye dawa kwa wingi katika miaka iliyofuata, ilishuhudia sehemu ya watu wenye vimelea ikishuka chini ya mmoja katika mia. Namba zangu za mfano si za Unguja wala za Pemba, lakini zaonyesha kwa nini silaha ambazo kila moja peke yake haitoshi, zikiunganishwa, zaweza kutosha. Na zaonyesha pia hatari ya kuiacha mojawapo, kwa kuwa kutoka 0.7 kurudi 1.3 ni hatua fupi mno.

Wewe utakaye kuanza, mchague kiumbe unayemjua, awe dagaa wa Tanganyika, nondo wa mahindi au kuku wa uani, uifuate safari yake, uipe herufi na uihesabu kwa mkono. Kisha, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, andika chini ya kila namba mambo mawili: imetoka wapi, na ni jambo gani likionekana shambani litakulazimisha uibadilishe. Kielelezo chenye majibu hayo mawili, hata kiwe cha mistari mitatu, mimi hukipa heshima kubwa kuliko kile chenye milinganyo mia ambacho hakuna mbu awezaye kukikanusha.