Mlo wa mchana shuleni: mwenye mashine naye ana nafasi yake

Tangu elimu bila malipo ianze Tanzania Januari 2016, swali moja halijaisha kwenye vikao vya wazazi: chakula cha mchana ni cha nani? Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo ulishalijibu. Ada ilibebwa na serikali, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kwa mzazi. Wapo waliosikia neno "bure" wakaishia hapo, na ndiyo maana hadi leo kuna watoto wanaotoka nyumbani alfajiri na kurudi saa tisa bila kutia kitu tumboni.

Ukichunguza shule za kutwa zinazofanikiwa kulisha, mara nyingi utakuta wazazi hawakuachwa peke yao. Nyuma yao yupo mwenye mashine ya kusaga, mwenye duka la jumla, mwenye Fuso, fundi wa majiko. Kama uko kwenye kamati ya shule, au una biashara na unajiuliza uingilie wapi, soma ukiwa na kalamu.

Anzeni na hesabu, maana kikao kisicho na hesabu huishia kwenye lawama. Kipimo kinachotumika sana kwa mlo mmoja wa shule ni takribani gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharage au kunde, na gramu 5 za mafuta kwa mtoto. Shule ya watoto 400 itahitaji kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharage kwa siku. Ukichukua siku 194 za masomo kwa mwaka, mtoto mmoja atakula kilo 29 za mahindi na kilo 8 hivi za maharage. Debe la mahindi lina kilo 17 au 18, kwa hiyo mwambie mzazi: madebe mawili ya mahindi na nusu debe ya maharage, basi. Hilo analielewa hata kabla hujamaliza sentensi, na anaweza kulitoa kidogo kidogo. Ukimtajia bajeti ya shule nzima kwa mamilioni, atanyamaza tu.

Sasa njooni kwa mwenye mashine. Huyu ndiye mfanyabiashara wa kwanza wa kumfuata, kwa sababu mahindi yote yatapita kwake. Anaweza kusaga kwa bei nafuu saa ambazo hana wateja. Kama mnakula sembe, kubalianeni mapema pumba ni za nani: wapo wanaokubali kukoboa na kusaga kwa malipo ya pumba tu, kwa kuwa wafugaji wa kuku na nguruwe huzinunua. Lakini mimi ningechagua dona. Ukikoboa, kilo zinapungua na virutubisho vingi vinaondoka na pumba, halafu ile hesabu ya madebe mawili haitoshi tena.

Muulizeni pia kama mashine yake ina kifaa cha kuongeza virutubisho. Hapa Tanzania shirika la Sanku hufunga kwenye mashine ndogo kifaa kinachodondosha madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 kwenye unga unaposagwa. Msagaji hununua mifuko ya kufungashia unga kutoka kwa shirika hilo kwa bei ya kawaida ya soko, na faida ya mifuko ndiyo inayolipia virutubisho. Haongezi senti, na mlaji haongezewi bei. Mpango wa namna hii unadumu kwa sababu kila mmoja anabaki na biashara yake.

Kabla ya kusaga kuna jambo ambalo sina huruma nalo: ukavu wa mahindi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Kuchemsha hakuiondoi. Pimeni hivi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye kifuniko, jaza mahindi robo yake, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15, lakini kiwango cha kuhifadhi ni asilimia 13.5, kwa hiyo yaanikeni tena siku moja au mbili juu ya turubai, si juu ya udongo. Mfanyabiashara akileta gunia lenye punje zilizoota ukungu kwa sababu "ni za msaada", mshukuruni na mlikatae.

Kwa mwenye duka la jumla, gunia moja la kupigia picha siku ya kufungua mradi si kitu cha kutegemea. Ombeni vitu anavyovifanya kila siku: awauzie mafuta na chumvi kwa bei ya jumla, awaazime mizani, awape kona ya stoo isiyovuja, awakopeshe hadi mavuno. Mwenye gari linalorudi tupu kutoka gulioni anaweza kubeba magunia matatu bila kuhisi. Fundi asaidie kufunga jiko la gesi, maana taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Na mnaponunua kwa mkulima, nunueni kwa kilo. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inamwibia jirani yenu.

Fedha zipite kwenye akaunti ya shule, zisipite kwenye simu ya mtu, hata awe mwadilifu kiasi gani. Daftari la stoo liandikwe tarehe, kilo zilizoingia, zilizotoka, na saini za watu wawili, mmoja wao mzazi. Mjumbe wa kamati mwenye duka atoke nje bei inapojadiliwa.

Kuna wazazi ambao kweli hawana. Mtoto wao asinyimwe sahani wala jina lake lisisomwe mstarini. Mzazi anaweza kuchota maji, kupepeta maharage au kulima bustani ya mchicha ya shule. Nairobi, kwenye mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, mzazi huchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo na kaunti pamoja na shirika la Food4Education hubeba gharama iliyobaki. Kiwango kidogo namna hiyo humwachia mzazi heshima yake.

Kikao kiitwe kabla ya mavuno, ili mahindi yachangwe na kununuliwa yakitoka shambani na bei ikiwa chini. Ikiwa mmechelewa na ghala ni tupu, msisubiri mwaka upite: anzeni na uji wa saa nne kwa darasa la awali na la kwanza, kwa unga wa mwenye mashine mmoja na sukari ya duka moja, huku mkiandaa chupa, mizani na daftari kwa ajili ya msimu ujao.